Mtumiaji Hajui

Kabla ya kuandika neno lake la siri, Mama Masijala alikuwa anasema bismillahi. Hakuisema kwa sauti. Midomo ilicheza tu, halafu kidole kimoja cha mkono wa kulia kikaanza kutafuta herufi. Mimi nilisimama nyuma yake na bisibisi mfukoni, nikiwa nimeshaamua tatizo ni nini kabla sijaliona.

Akaingia. Akabofya Word mara mbili. Ukurasa mweupe ukatokea, ukakaa kama sekunde tatu, ukaganda, ukapauka, kisha kile kisanduku kikaja kusema programu imeacha kufanya kazi.

"Umeona? Imegoma tena."

"Mama, ulibonyeza nini?"

"Sijabonyeza kitu, mwanangu. Si umesimama hapa unaniona?"

Nilikuwa nimesimama pale na nilikuwa nimemwona. Hata hivyo nilirudi kwenye chumba chetu cha TEHAMA, nikafungua daftari la matengenezo, nikaandika tarehe, chumba na namba ya kompyuta, na kwenye safu ya chanzo cha tatizo nikaandika maneno mawili ambayo mafundi wa kompyuta tunayapenda kuliko mengine yote: mtumiaji hajui.

Ilikuwa mwaka 2015, kwenye ofisi ya umma katika mkoa wa Tanga. Ofisi yenyewe sitaitaja. Mimi nilikuwa na miaka 24, shahada yangu bado inanukia wino, na nilikuwa naamini kwamba kompyuta haisemi uongo ila watu ndio wanasema. Yeye alikuwa na miaka 58, amebakiza miwili afike ile 60 ambayo serikali inakuambia ahsante, nenda nyumbani. Kwa asiyewahi kufanya kazi kwenye ofisi za aina ile, masijala ni chumba ambacho kila barua inapita, inagongwa muhuri, inapewa namba na kuwekwa kwenye jalada lake. Mkuu wa ofisi akiondoka, ofisi inaendelea. Mtu wa masijala akiumwa siku tatu, hakuna anayejua barua ya nani iko wapi. Kila mtu alimwita Mama Masijala, hata mkurugenzi, na nina hakika wengine walikuwa wamesahau jina lake.

Sasa huyu mama, tangu masika yaanze, Word ilikuwa inamkataa.

Mara ya kwanza niliondoa Office yote nikaiweka upya. Mara ya pili nikachomoa memori, nikaifuta kwa kifutio cha penseli kama tulivyofundishwa na mafundi wa mtaani, nikairudisha. Mara ya tatu nikapiga Windows upya kabisa. Kila mara, nikiingia kwa jina langu mimi, Word inafunguka kama mlango uliopakwa mafuta. Nikimwachia kiti, akiingia kwa jina lake, inakufa. Akahamia kompyuta ya pili ya masijala, ikafa. Akaenda jengo la pili kuazima kompyuta ya wahasibu, ikafa na huko, na mhasibu mmoja kijana akafunika kibodi yake kwa mikono miwili akisema, "Mama, usiniambukizie."

Walicheka, na yeye akacheka nao. Lakini mzaha ukishaingia kwenye ofisi yenye majengo mawili hautoki. Wiki ya pili ikawa "Mama ana mkono mzito." Wiki ya tatu nikasikia pale kwa muuza vitumbua kwamba ana mkosi, kwamba kuna mtu anakitaka kiti chake, na kwamba yeye mwenyewe ameshaanza kuja na kitu kwenye mkoba. Sijui kwenye mkoba kulikuwa na nini. Ninachojua ni ile bismillahi. Niliifikiria ni mazoea ya siku zote, mpaka aliponiambia baadaye kwamba zamani alikuwa haisomei kompyuta. Alianza kuisomea mwaka ule.

Nami nilikuwa na ushahidi wote mezani. Kompyuta hiyohiyo, mtu mwingine, inafanya kazi. Mtu huyohuyo, kompyuta nyingine, haifanyi. Kwa hiyo tatizo linamfuata mtu. Hadi hapo hesabu yangu ilikuwa sahihi kabisa. Nilipokosea ni pale nilipodhani kinachomfuata mtu lazima kiwe ni mtu mwenyewe.

Mwezi wa tano ikaja barua, na kwa mazoea ya ofisi zetu barua ya kumwondoa ilipita masijala, akaigonga muhuri yeye mwenyewe. Anahamishiwa mapokezi, kwenye meza ya kitabu cha wageni, ambako hakuna kompyuta. Masijala anapewa kijana wa mkataba. Sababu ilikuwa "changamoto za matumizi ya mifumo". Maneno hayo hayakuwa yangu, lakini niliyatambua kama mtu anavyotambua shati lake kwenye kamba ya jirani. Mkuu wa utawala alikuwa ameomba daftari la matengenezo wiki moja kabla. Mistari mitatu, mwandiko wangu, sahihi yangu.

Siku mbili kabla ya makabidhiano alikuja kwenye chumba chetu. Alitakiwa kuandika hati ya makabidhiano, na hakutaka kumpa mtu mwingine amwandikie.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Naomba kompyuta yako, mwanangu. Hii ya kwako haiwezi kunigomea, wewe ndiye daktari wao."

Nilimpisha kiti. Ile ilikuwa mashine mpya, haijamaliza mwezi tangu itoke kwenye boksi, na mkono wake haukuwa umewahi kuigusa. Akasoma bismillahi yake. Akaingia. Akabofya. Ukurasa ukatokea, ukaganda, ukapauka.

Hakusema kitu. Alikunja mikono juu ya mapaja akaiangalia skrini, na nikaona kwamba ameshakubali. Alikuwa ameamini yale ya kwa muuza vitumbua. Nadhani hicho ndicho kilichonishtua, kwa sababu mimi nilikuwa sijaamini mkosi hata siku moja, na bado nilikuwa nimeandika kitu kilekile kwa lugha ya kitaalamu.

Nikamwambia asubiri. Nikaanza kufanya kile ambacho ningepaswa kukifanya mwezi wa tatu.

Mtandao wetu ulifungwa mwaka 2010 na mkandarasi aliyeuweka kwa utaratibu wa profaili za kuhamahama. Wazo lenyewe ni zuri, hasa kwa ofisi yenye watu wengi na kompyuta chache. Profaili yako ni vitu vyako vyote ndani ya Windows: picha ya skrini, mipangilio, mafaili uliyoweka mbele, na folda moja iliyofichwa inayoitwa AppData, ambamo programu zinaweka kumbukumbu zao juu yako. Kwa kawaida vitu hivyo vinakaa kwenye mashine moja. Kwenye utaratibu huu vinakaa kwenye seva. Ukiingia kwenye kompyuta yoyote, seva inakuletea mzigo wako. Ukitoka, mzigo unarudishwa na mabadiliko ya siku ile. Umehama kiti, lakini umekaa palepale.

Na kama ndani ya mzigo kuna kitu kilichooza, unahama nacho. Fundi anaweza kupiga Windows mara mia. Anafagia chumba ambacho mgonjwa hayumo.

Nilijaribu kumweleza hivyo, nikajikwaa kwenye maneno. Akaniangalia kwa muda, kisha akasema, "Yaani kama faili binafsi. Mtumishi akihamishwa kutoka Handeni kwenda Pangani, faili lake linamfuata."

"Ndiyo, mama. Hivyohivyo."

"Kumbe na mimi nina faili humo ndani."

"Unalo."

"Na faili langu limeliwa na mchwa."

Nimesoma kurasa nyingi za wataalamu kuhusu profaili zilizoharibika. Sijakutana na maelezo mafupi kuliko hayo.

Niliingia kwenye seva. Folda yake ilikuwa pale, jina lake likifuatwa na nukta, V na 2, kama Windows 7 inavyozitia alama. Sikuifuta, na hilo ni jambo moja nililofanya vizuri mwaka ule. Niliibadilisha jina tu, nikaongeza "zamani" mwishoni. Kisha kwenye mashine nikaondoa nakala yake kupitia mipangilio ya mfumo, kwenye orodha ya profaili za watumiaji. Wengi hufuta folda kwa mkono na kudhani wamemaliza, kumbe kwenye rejista ya Windows kunabaki kumbukumbu ya profaili isiyokuwepo, na mtumiaji akiingia anapewa profaili ya muda ambayo kila kitu ndani yake kinapotea akitoka. Hayo niliyajua. Nilichokuwa sina ni subira ya kuyatumia.

Akaingia upya. Windows ikamkaribisha kama mgeni, ikamtengenezea kila kitu kuanzia mwanzo. Word ikafunguka, na ikabaki wazi.

Alicheka kwa sauti, akapiga kofi moja. "Subhanallah!" Akaanza kuandika hati yake kwa kidole chake kimoja, na mimi nikaenda kununua maji, najiona shujaa.

Niliporudi alikuwa ameacha kuandika.

"Mbona haijui tena majina?"

Sikumwelewa. Nikainama kuangalia. Ukurasa wote ulikuwa na mistari myekundu. Kila jina la kijiji, kila jina la mtu, kila neno la Kiswahili, maana kompyuta zetu zilikuwa na kamusi ya Kiingereza peke yake. Kwangu hiyo ndiyo ilikuwa sura ya kawaida ya Word. Tangu chuo nimeandika Kiswahili juu ya mistari myekundu na macho yangu yalishazoea kuiruka.

"Ya kwangu ilikuwa haina," akasema. "Mimi niliifundisha."

Kwa miaka mitano, kila Word ilipompigia mstari neno ambalo yeye anajua liko sawa, alibofya kitufe cha kulia na kuchagua kuliongeza kwenye kamusi. Neno baada ya neno, kati ya barua na barua. Hakuna aliyemwelekeza. Alikuwa amegundua mwenyewe kwamba mashine inaweza kuambiwa, naye akaiambia. Huyu ndiye mtumiaji asiyejua.

Kamusi hiyo ni faili dogo la maandishi matupu linaloitwa CUSTOM.DIC, na linakaa ndani ya AppData, kwenye ile sehemu inayosafiri na mtumiaji. Nililikuta kwenye folda ya zamani. Likafunguka bila shida. Lilikuwa na maneno 1,143.

Nilikaa nalo mpaka giza likaingia. Sikuwa na sababu ya kikazi ya kulisoma lote, nililisoma tu. Maramba, Mabokweni, Kirare, Tongoni, Chongoleani. Majina ya koo za Kisambaa, Kibondei na Kidigo, mengine ya watumishi waliostaafu kabla sijaajiriwa, mengine ya tarishi wawili waliokwisha kufariki. Kulikuwa na neno "mirathi" na neno "rambirambi", na kwa namna yalivyofuatana na majina niliweza karibu kuona barua yenyewe. Na kulikuwa na jina la ukoo wetu, ambalo kila kompyuta niliyowahi kuigusa imelipigia mstari mwekundu. Lilikuwa mara mbili. Kwanza limekosewa, halina H, kama wanavyolikosea watu wote. Kisha, baada ya maneno machache, liko sahihi. Barua yangu ya ajira aliichapa yeye. Alikosea, akakagua, akarekebisha, na akaifundisha mashine ili isinikosee tena.

Usiku ule nikafanya kazi ya kurudisha vitu kimoja kimoja. Nikirudisha folda moja, naingia, nafungua Word. Inafunguka. Narudisha nyingine. Kamusi ikarudi salama. Sahihi zake za barua zikarudi. Nilipofika kwenye folda ya violezo, Word ikafa palepale. Ndani mlikuwa na Normal.dotm, kile kiolezo ambacho Word hukisoma kila inapofunguka na hati mpya. Kilikuwa kimekatika, nusu yake haipo. Nikakiweka pembeni. Word, kama kawaida yake, ikajitengenezea kingine na kuendelea na maisha.

Faili moja. Ningeweza kulijua mwezi wa tatu kwa kufungua Word kwa amri yenye /a, inayoiambia isisome kiolezo hicho. Jaribio la sekunde tano. Sikulifanya kwa sababu kulifanya kungekuwa ni kukiri kwamba mama huyu huenda anasema kweli, na mimi nilikuwa na daftari lenye jibu tayari. Kupiga Windows upya ni kazi ya saa mbili, lakini unaifanya bila kumsikiliza mtu.

Likabaki swali la nani alilikata. Nikafungua kumbukumbu za matukio za kompyuta zile mbili za masijala. Kompyuta ikizimika bila kuzimwa vizuri, Windows ikiwaka tena inaandika tukio namba 6008 na saa ya kuzimika. Zilikuwa zimejaa. Saa 9:34 alasiri. Saa 9:36. Saa 9:33. Kila siku ya kazi. Umeme wa kukatika haukatiki kwa ratiba.

Asubuhi nikaenda masijala, nikasimama mlangoni, na kikawa kinaniangalia: tangazo la ukurasa mmoja, lenye muhuri, limebandikwa kwa gundi tangu mwaka uliopita. Watumishi wote wanaagizwa kuzima swichi ya ukutani kabla ya kuondoka, ili kubana matumizi ya umeme. Saa 9:30 ofisi nzima inatoka kwa pamoja. Profaili zote zinaanza kurudi kwenye seva kwa pamoja, kwenye mtandao unaotambaa kama kobe. Ya Mama Masijala ilikuwa imefika karibu gigabaiti mbili, kwa sababu mafaili yake yote aliyaweka mbele, ambako aliyaona. Kompyuta inaandika kwamba inamtoa. Inaandika, inaandika. Yeye anasubiri kidogo, anatazama saa, daladala ya mwisho isiyojaa inaondoka saa kumi kasoro, na tangazo liko mlangoni lina muhuri. Anafikisha mkono ukutani.

Wahasibu walioziba kibodi zao walikuwa wanaziacha kompyuta zinawaka usiku kucha. Ndiyo maana zao zilikuwa nzima.

Nilimuuliza. "Mama, jioni unazima ukutani?"

"Kila siku," akasema, kwa fahari kidogo. "Hawa wengine hawasomi matangazo."

Niliandika ripoti ya kurasa mbili. Nikaeleza tangazo, mtandao, ukubwa wa profaili, mafaili yanayopaswa kuelekezwa moja kwa moja kwenye seva badala ya kubebwa huku na huko. Nikaandika kwamba maelezo ya awali kuhusu mtumiaji yalikuwa si sahihi na aliyeyaandika ni mimi. Mkuu wa utawala alisoma mbele yangu. Alikuwa mtu mstaarabu. Akasema ripoti ni nzuri na tangazo litaondolewa. Nikauliza kuhusu uhamisho.

"Ule umeshapita," akasema. "Barua imeshatoka."

Tangazo kweli liliondolewa. Mama Masijala akahamia mapokezi siku ya Jumatatu, na khanga yake ya kufunika kiti na kikombe chake cha chai. Nilikwenda kumwomba radhi. Nilijiandaa maneno mengi, nikaishia kusema, "Mama, ni mimi niliyeandika." Alikuwa anachora mistari kwenye kitabu cha wageni kwa rula.

"Najua," akasema. "Lile daftari lilipita kwangu, nililigonga muhuri." Akachora mstari mwingine. "Kakae, unanizibia watu."

Kijana wa mkataba alikuwa mwepesi, vidole kumi vyote, lakini wiki ya kwanza alinipigia simu analalamika. Barua zote zina mistari myekundu, hajui kipi kimekosewa na kipi hakijakosewa, na hivi Chongoleani inaandikwaje. Nikaenda na flashi. Kabla ya kwenda nilipita mapokezi kuomba ruhusa, maana kamusi ilikuwa ya mtu.

"Mpe," akasema. "Majina ni ya watu, si yangu."

Nikaliweka lile faili kwenye profaili ya kijana. Mistari ikafutika karibu yote kwa mara moja, naye akasema, "Kaka, wewe ni noma." Sikumwambia ni nani.

Mwezi uliofuata nilikuwa napita pale mapokezi. Mama alikuwa ameshika nakala ya barua iliyotoka masijala asubuhi ile, ameisogeza mbali na macho kama wafanyavyo watu waliosahau miwani. Akaniita kwa kidole.

"Soma hapa."

Nikasoma. Kwenye mstari wa anwani paliandikwa Mkurugezi.

"Haikumpigia mstari?" akauliza.

Nikakumbuka maneno yale 1,143. "Haikumpigia, mama. Na hilo nalo limo. Uliliongeza wewe."

Alinyamaza. Kisha akaanza kucheka, cheko la tumboni, mpaka mgeni aliyekuwa anaandika jina lake akainua kichwa. Akavuta droo, akatoa peni nyekundu, akapachika N mahali pake na kuandika pembeni: "Irudiwe." Akanipa karatasi nimpelekee kijana.